UKUMBI WA MWALIMU: Busta ya Hewa na Fedha za Upatu



Ndugu wasomaji, ukumbi huu aghalabu hupokea barua za wazazi juu ya skuli, mitihani na Kiswahili cha watoto wanaozaliwa huku ughaibuni. Mwezi huu tumeletewa jambo la chuma na upepo, nalo limetufurahisha, kwani sisi tuliofundisha fizikia hatuulizwi sana habari zake tangu tustaafu.

Aliyeuliza ni mama mmoja wa hapa Uingereza ambaye zamu yake ya upatu imewadia. Fedha hizo amekusudia kumpa mwanawe, mwenye gereji ndogo ya matairi chini ya tao la reli. Kijana amekuwa akihudumia magari madogo, na sasa wenye malori wameanza kumjia. Kompresa yake haiwezi kulijaza tairi la lori hadi kiwango chake, na mkopo wa riba hautaki. Muuzaji mmoja amemwonyesha busta ya hewa, chombo chepesi cha kubebwa kwa mkono mmoja, kisichokuwa na waya wa umeme, akamwambia kwamba kitaongeza nguvu ya upepo mara mbili. Mama anauliza: ni kweli hayo, au mwanangu anauziwa mbuzi ndani ya gunia?

Jawabu letu ni kwamba muuzaji amesema kweli, ila ameisema nusu. Nusu aliyoinyamazia ndiyo inayoamua kama fedha za upatu zimekwenda mahali pake.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya vipimo. Shinikizo la hewa hapa Uingereza hupimwa kwa bar au kwa psi, na bar 1 ni sawa na psi 14.5. Neno hili bar tumeliacha kama lilivyoandikwa kwenye geji, kwa sababu tukilitia irabu ya Kiswahili wazee wetu watadhani tunazungumzia ama msiba, ama mahali ambapo hatupaswi kuonekana.

Kompresa ndogo za gereji, zile za silinda za hatua moja, aghalabu hujizima tangi likifika bar 8 na kuwaka tena likishuka bar 6. Kwa hiyo upepo unaotoka kwenye mpira huyumba baina ya viwango hivyo viwili. Tairi la gari dogo hutaka bar 2 na kitu, na hapo hakuna tatizo. Tairi la lori kubwa, kwa kadiri ya aina yake na mzigo linaoubeba, mara nyingi hutaka baina ya bar 8 na 9. Hewa haitoki penye shinikizo dogo ikaenda penye kubwa, kama maji yasivyopanda mlima yenyewe. Hapo ndipo busta inapoingia.

Ndani ya busta ya kawaida, ile ya mbili kwa moja, mna pistoni mbili zilizofungwa kwenye mtaimbo mmoja, na kila pistoni imekigawa chumba chake, hata vikapatikana vyumba vinne. Hewa ya kompresa huingia katika vyumba vitatu kati ya hivyo kwa zamu. Katika kila mwendo, vyumba viwili husukuma upande mmoja, na chumba kimoja kilichokwisha kujazwa hewa hubanwa. Nguvu mbili zikielekezwa kwa mmoja, huyo mmoja hubanwa maradufu. Mwendo ukiisha, vali hujigeuza, pistoni zikarudi, na kazi ile ile hufanyika upande wa pili. Ukiipa bar 6, mwisho wa uwezo wake ni bar 12. Hakuna mota wala cheche, na ndiyo maana chombo ni chepesi: ndogo kabisa hazizidi kilo 1, na za kadiri hazifiki kilo 10, ilhali kompresa kamili yenye tangi si mtu mmoja wa kuibeba.

Lakini tazameni kilichotokea kwa hewa ile iliyosukuma. Imemaliza kazi yake, na vali imeitupa nje. Mtu akisimama karibu ataisikia ikipumua, psss, psss, kila mwendo. Kwa kila kipimo kimoja cha hewa kilichopita kwenda kwenye tairi, kipimo kingine kama hicho kimetupwa. Busta haizalishi hewa. Hununua shinikizo kwa kulipa hewa, na bei ya chini kabisa ya kupata maradufu ni nusu ya hewa yako. Hiyo ndiyo nusu ya habari ambayo muuzaji aliinyamazia.

Sasa na tupige hesabu, kwa kuwa penye hesabu ubishi hupungua. Robert Boyle alichapisha mwaka 1662 kanuni ambayo kila mwanafunzi wetu wa kidato cha pili aliikariri: hewa ikibanwa bila kubadilika joto, ujazo wake hupungua kwa kadiri shinikizo linavyozidi. Chukulieni tairi la lori lenye nafasi ya lita 150 ndani yake. Kompresa imelifikisha bar 6.5, nasi twataka 8.5. Pengo ni bar 2, na 2 mara 150 ni lita 300 za hewa ya kawaida, yaani hewa kama ilivyo nje kabla ya kubanwa. Ikiwa kompresa ya kijana wetu hutoa kweli kweli lita 240 kwa dakika, busta haitapitisha zaidi ya 120. Lita 300 kwa 120 ni dakika mbili na nusu kwa tairi moja, na kwa vitendo itakuwa zaidi, maana busta hupunguza kasi kadiri inavyokaribia kikomo chake. Akiwa na lori moja au mawili kwa siku, dakika tatu au nne kwa tairi si neno. Akiwa na kumi, kompresa yake ndogo itanguruma kutwa bila kupumzika, nayo haikuundwa kwa kazi hiyo.

Tumesema «hutoa kweli kweli» kwa makusudi. Kwenye makasha ya kompresa huandikwa takwimu mbili, na ile kubwa inayovutia macho mara nyingi ni ujazo unaofagiliwa na pistoni, si hewa inayotoka. Inayotoka huweza kuwa pungufu kwa robo nzima au zaidi. Mnunuzi wa busta aulize ile ya kutoka, kwa lita kwa dakika, na kwa shinikizo gani.

Kuna jambo jingine la kufanywa kabla ya kutoa hata senti moja, nalo ni kupima. Vijana wengi hulalamika kwamba upepo hauna nguvu, kumbe nguvu imekufa njiani. Mpira mwembamba wa kujikunja wenye tundu la milimita 6 huila hewa vibaya sana. Kwa kiasi kile kile cha hewa, kupanua tundu kutoka milimita 6 hadi 10 hupunguza upotevu wa shinikizo kwa zaidi ya mara 10. Weka geji mwisho wa mpira, fungua chombo kifanye kazi, kisha soma wakati hewa inapita, si wakati imetulia. Ikiwa kwenye tangi mna bar 7 na mwishoni unasoma 5, dawa ni mpira mpana, na fedha iliyobaki irudi kwa mama. Kwa tairi la lori jambo hili halimalizi shida, kwa sababu kompresa inayojizima kwenye 8 haitafika 8.5 hata kwa mpira mpana kama mtaro. Ila kwa mpaka rangi au mtumiaji wa bunduki ya nati, mara nyingi shida huishia hapo hapo.

Mtu atauliza: kwa nini asinunue kompresa kubwa ya hatua mbili, inayofika bar 10 au zaidi, yakaisha? Tungalimshauri hivyo, lau si umeme. Plagi ya kawaida ya nchi hii ina fyuzi ya ampea 13, na kwa volti 230 hiyo ni wati 3,000 kasoro kidogo. Mota ya nguvu za farasi 3, ambayo ni kama wati 2,200, ndiyo karibu na mwisho wa plagi hiyo, tukikumbuka kwamba mota huvuta zaidi inapowaka. Kupita hapo yatakikana laini maalumu, na kwa mota kubwa umeme wa fezi tatu. Katika chumba cha kupanga, hilo lina gharama zake na lahitaji ridhaa ya mwenye nyumba. Kwa hiyo hukumu yetu ni hii: ikiwa shinikizo kubwa latakikana mahali pamoja tu, kwa muda mfupi, mara chache kwa siku, busta ni chaguo jema. Ikiwa malori yatakuwa ndiyo riziki yake ya kila siku, basi na azungumze na mwenye nyumba juu ya umeme, na fedha za upatu ziwe mwanzo wa kompresa kubwa. Kutupa nusu ya hewa kila siku ni kutupa nusu ya umeme ulioibana.

Tuseme ameamua busta. Asivutwe na ile ya nne kwa moja kwa kudhani kwamba kubwa ni bora. Hiyo hutupa kama sehemu tatu ili moja ipite, na shinikizo hilo hana pa kulipeleka. Mbili kwa moja yamtosha: hata kompresa ikishuka bar 6, kikomo ni 12, naye ataifunga kwa regyuleta kwenye 9 au 9.5, mbali na kikomo, mahali ambapo busta bado ina mbio. Asome pia kibandiko, kwani baadhi ya busta za mbili kwa moja zimeundwa zisipite bar 10 kwa vyovyote vile. Na atazame jedwali la mtengenezaji linaloonyesha hutoa lita ngapi kwa shinikizo lipi. Muuzaji asiyekuwa na jedwali hilo hauzi busta, anauza chuma.

Uzito mdogo ni neema kwa fundi anayelifuata lori uwanjani, lakini wepesi una adabu yake. Chombo hiki hutikisika kila pistoni inapogeuka, na kikiachwa kining'inie kwenye mpira hulegeza viungo. Kifungwe kwenye ubao au kwenye kitoroli.

Majira ya baridi yana mtihani wake. Hewa inayotupwa hutanuka ghafla, na inapotanuka hupoa. Ikiwa ina unyevu, maji huganda kwenye kile kikopo cha kunyamazisha sauti, kikaziba, na busta ikasimama kama imekufa. Mafundi hudhani imeharibika, ilhali imeshikwa na barafu. Chujio la maji liwekwe kabla ya busta, na tangi la kompresa limwagwe maji kila jioni. Kikopo hicho kisiondolewe kwa tamaa ya kuongeza kasi. Kanuni za kelele kazini za mwaka 2005 humpa mwajiri wajibu kuanzia desibeli 80, na chini ya tao la reli sauti hurudi mara mbili.

Sasa tufike penye uzito wa jambo lenyewe, na hapa twaomba mama amsomee mwanawe kwa sauti.

Gereji nzima imejengwa kwa bar 7. Bunduki ya nati, kwa kawaida, imeundwa kwa bar 6 na kidogo. Mipira ya zamani na viungo vyake hakuna ajuaye vilinunuliwa kwa kiwango gani. Siku busta itakapofungwa, patakuwa na hewa ya bar 9 karibu na vitu hivyo vyote, na msaidizi mwenye haraka atachomeka bunduki penye tundu lililo karibu. Upande wa busta uwe na viungo vya aina nyingine kabisa, visivyoingiliana na vile vya zamani, ili mkono ukikosea chuma kikatae. Mpira wake uwe mpya, wenye kiwango kilichoandikwa mwilini mwake, na iwepo vali ya usalama itakayofunguka yenyewe.

Na tairi lenyewe. Tairi la lori likipasuka kwa bar 8 si kama puto la sikukuu. Huvunja mifupa na kuua, na rimu huweza kurushwa mbali. Hatari zaidi ni tairi lililotembezwa likiwa na upepo mdogo: nyaya za chuma ndani ya ubavu wake huchoka bila kuonekana kwa nje, kisha linapojazwa hukatika moja baada ya nyingine na ubavu hufunguka kama zipu. Kanuni za usalama kazini za Marekani hutaka tairi la lori lililotembezwa likiwa na asilimia 80 au chini ya upepo wake unaopendekezwa litolewe upepo wote kabla ya gurudumu lake kuvuliwa kwenye ekseli. Kijana wetu, ingawa yuko Uingereza, alichukulie hilo kuwa alama ya kutahadhari: tairi la namna hiyo livuliwe, likaguliwe ndani na nje, ndipo lifikiriwe kujazwa. Lijazwe ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu wenye kishikio kinachojibana chenyewe kwenye vali, naye asimame pembeni, si mbele ya ubavu wa tairi. Kadhalika, busta isitumiwe kulikalisha tairi kwenye rimu. Kazi hiyo ina shinikizo lake dogo lililowekwa na mtengenezaji, na busta ni ya hatua ya mwisho tu.

Kuna sheria pia, na twaona wengi katika jamaa zetu wenye gereji hawajaambiwa. Kanuni za usalama wa mitambo ya shinikizo za mwaka 2000 zina kipimo rahisi: zidisha ujazo wa tangi kwa lita na shinikizo lake kwa bar. Likizidi 250, mtambo wahitaji mpango wa ukaguzi ulioandikwa na kuthibitishwa na mtu mwenye ujuzi, na ukaguliwe kwa mujibu wa mpango huo. Tangi la lita 24 kwa bar 10 ni 240, limepita chini. La lita 50 kwa bar 10 ni 500, limezidi. Na kompresa aliyonayo tayari, ikiwa ni ya lita 100 kwa bar 8, ni 800, kabla hata ya kuzungumza habari ya busta. Aitafute karatasi yake leo. Kampuni ya bima huiulizia siku ya msiba, na siku hiyo haiandikwi tena.

Akipata busta iliyotumika, asiikatae kwa sababu ya umri, bali aijaribu. Aifunge kwenye hewa, aiweke bar 9, kisha afunge njia ya kutokea. Busta nzima itapiga mara kadhaa, itafika, na itanyamaza kimya, ikishika shinikizo bila kula hewa. Ikiendelea kupumua ilhali njia imefungwa, sili za ndani zimelika. Hapo aulize kama pakiti ya sili hupatikana na kwa bei gani, na apunguziwe. Kibandiko kikiwa kimebanduliwa, aiache.

Baadhi yenu hutuma mitambo nyumbani kwa kontena, Mombasa, Dar es Salaam au Unguja. Busta haihitaji umeme wake, lakini kompresa inayoilisha yauhitaji, au iwe ya dizeli. Hewa ya pwani imejaa unyevu, hivyo chujio la maji liwe kubwa kuliko la huku, na pakiti mbili za sili ziwekwe ndani ya kasha lile lile, maana kuzingoja kutoka ng'ambo ni kuifanya busta pambo la dukani.

Ndugu mwingine aliyesikia habari hizi ametuuliza iwapo busta ya gereji yaweza kujaza mitungi ya wapiga mbizi, au mtungi wa oksijeni wa mgonjwa aliye nyumbani. Jawabu ni hapana kwa yote mawili. Mtungi wa mpiga mbizi hujazwa kwa bar 200 na zaidi, na hewa yake huchujwa na kupimwa mafuta na gesi ya sumu, mambo ambayo kompresa ya gereji haiyajui. Ama oksijeni ikikutana na mafuta chini ya shinikizo huwaka moto bila kiberiti. Busta za oksijeni zipo, zimesafishwa na kutengwa kwa kazi hiyo pekee tangu kiwandani. Mtungi wa mgonjwa urudishwe kwa waliouleta, wakampe mwingine uliojaa.